Ghorofa ya Pili ya Wamarekani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na kahawa mmeshaianika? Mimi ni mzima, kwa hiyo hayo mliyoyasikia huko Nyakakika kwamba nimekamatwa na polisi wa Marekani, yaacheni. Nilizuiwa na walinzi tu.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kazi ya kumhudumia bibi mmoja mjane, Dorothy. Msimamizi wangu akasema anakaa ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, akanipa ufunguo. Nikapanda kama tunavyopanda kwetu: chini ni chini, ukipanda mara moja uko ya kwanza, ukipanda tena ndiyo ya pili. Kumbe Wamarekani chini ndiko wanakoita ghorofa ya kwanza! Nikawa nahangaika na ufunguo kwenye mlango wa mtu mwingine. Mwenyewe akafungua, akaniona, akapiga kelele za mwizi.

Walinzi wakamwita msimamizi. Akafika kakunja uso.

"Muombe radhi," akaniambia mbele yao wote. "Mwambie kwenu hakuna maghorofa, hata kuhesabu hujui."

Mama, najua ungetaka ninyamaze. Nilimgeukia mwenye mlango nikamwambia, "Samahani sana kwa kukushtua." Hiyo ilikuwa haki yake. Kisha nikamwambia msimamizi, "Hilo lingine silisemi. Kaka yangu yuko ofisini Rubwera, ghorofa ya kwanza, na anapanda ngazi kufika. Tunahesabu. Tunaanzia mahali pengine tu."

"Basi kazi huna."

"Sawa. Lakini sitatukana kwetu ili nile."

Nilikaa chumbani siku kadhaa bila kazi. Niliogopa, sikufichi, ila sikujuta. Kumbe Bibi Dorothy alisikia yote kutoka mlangoni kwake, chini yetu kidogo. Akampigia simu mkubwa wa ofisi: "Nileteeni huyo huyo, la sivyo msilete mtu."

Nimerudi kazini. Msimamizi tukikutana hanisalimii. Mimi namsalimia, tena kwa sauti, mpaka aitikie.

Nisalimie baba, kaka, na wifi aliyejifungua. Shangazi wa Bweranyange mwambie nimewakumbuka senene wake wa kukaanga. Na baba mdogo, anayesema nirudi niolewe, msalimie kwa heshima zote; mwambie nitarudi siku nitakayotaka mwenyewe.

Mungu akutunze, Mama.

Ndimi binti yako,
Kokugonza