Firigisi Iliyopotea Naitiri

Cucu, nyanya yangu mpendwa,

Goti linaendeleaje? Usidanganywe na twiga kwenye picha. Duka halikuwa na kadi nyingine; huku Naitiri tumeona mahindi na mvua tu.

Posa ya ndugu yangu Kamau nusura ivunjike. Kuku wa wakwe alifika mezani bila firigisi, na kwa Wabukusu hiyo ni kumwambia mgeni arudi kwao. Baba akachukua kofia yake. Mzee Wafula, babake bibi harusi, akaapa kwamba jikoni ilikuwepo.

Ndipo dada yetu Wanjiru akasimama. Unajua kazi ya huyu wakili wa jeshi ni kufundisha askari sheria za vita: nani hapigwi risasi, mateka anatunzwaje. Akauliza kwa upole, "Nani alipita jikoni?"

Wapishi wote wakanitazama.

Niliitwa kuonja chumvi tu, Cucu. Kijiko kilijichagulia firigisi chenyewe. Nikainua mikono yote miwili.

"Wazee wangu," Wanjiru akasema, "aliyeinua mikono hapigwi. Hiyo ni sheria ya dunia nzima."

"Na huyu mateka, ati analishwa?" Mzee Wafula akauliza.

"Lazima. Lakini si lazima chakula kiwe kitamu."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikaanguka, na Baba akarudisha kofia msumarini. Harusi ipo. Nilikula ugali na sukuma, huku Wanjiru akipewa firigisi ya kuku wa pili, mwanamke wa kwanza kuila katika boma hilo.

Pona haraka, Cucu. Nikifika Kitale nichinjie kuku mzima, na wakili asijue.

Mjukuu wako,
Njoroge