Ng'ombe wa Mzee Faki Aliyekataa Kupigana

Jumapili, baada ya Isha

Mzee Faki kanikera leo mpaka sasa kichwa kinaniuma.

Asubuhi alikaa barazani kwangu, redio inazungumzia askari wa nchi fulani waliokataa amri ya rais wao ya kuivamia nchi jirani. Akanitazama, maana anajua mwanangu Hamadi ni mwanajeshi. "Bi Asha, askari haulizi. Akiambiwa piga, anapiga."

Alasiri akamleta ng'ombe wake kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza dume mpaka avamie watu. Zumari likalia, wanawake tukaimba, vijana wakampungia vitambaa usoni. Ng'ombe akasimama, akainamisha kichwa, akaanza kula majani.

Mzee Faki alikuwa juu ya ulingo wa watazamaji, mbali kabisa na pembe. "Mvamie! Unanitia aibu!" Ng'ombe akamtazama, akaendelea kutafuna.

Watu wakacheka, wakamwita mwoga. Ng'ombe, si Mzee Faki. Nikamwambia, "Mzee wangu, si ushuke umuoneshe?" Akasema magoti yanamsumbua. Wanaotaka vita hawakosi magoti mabovu.

Jioni nikasikia ng'ombe atachinjwa Ijumaa. Kosa lake ni kutotii. Na mimi nitaletewa fungu langu la nyama, kwa heshima ya mama wa askari.

Hamadi alipiga simu nikiwa bado kwenye mswala. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, mwanangu, siku wakikuamrisha jambo kama lile la redioni, kataa.

Nikamkumbuka ng'ombe na Ijumaa yake. Nikamuuliza Hamadi kama amekula.