Magogo Manane ya Mzee Lyamba

Jumanne, 29 Oktoba 1996

Hujambo, daftari langu? Umeshindaje humo sandukuni? Mimi mzima, namshukuru Mungu — mgongo tu. Nilikutupa tangu Agosti, usininunie.

Keshokutwa ni mkesha wa Watakatifu Wote, jioni yetu ya moto hapa kigangoni. Usimamizi nimepewa mimi, maana mwaka jana mtoto aliungua mguu. Nikaahidi mbele ya katekista Bartolomeo kwamba safari hii hataungua hata kuku. Majani tumefyeka hatua ishirini kuzunguka. Ndoo sita za maji, madebe mawili ya mchanga, kamba ya kuzuia watoto. Stili waya za kusugulia sufuria, zile tunazowasha na kuzungusha zitoe cheche, zitashikwa na watu wazima tu.

Lakini mvua ya jana imelowesha kuni! Rundo lenyewe linanifika kiunoni. Na Padri anakuja kutoka Mpanda mjini. Wale wa kigango cha ng'ambo ya mto watatucheka mpaka Krismasi.

Jumatano, 30 Oktoba

Onesphore, mwalimu wetu wa kwaya, kaja na mkokoteni wa ng'ombe. Magogo manane. Makavu, mepesi, yana uwazi ndani. Anasema ameyakuta yamelazwa pembeni mwa msitu. Yeye ana miaka mitatu tu hapa, na kwetu Burundi mizinga ya nyuki husukwa kwa fito, haichongwi kwenye gogo. Hajui.

Akaniuliza, "Mama Joséline, haya hayana mwenyewe?"

Nikainama kuyatazama. Kila moja lina mistari mitatu na duara, imechongwa kwa patasi. Alama ya mzee Lyamba, mfuga nyuki mwenyeji wa hapa. Sisi wakimbizi tuliokuja mwaka wa sabini na mbili, nani asiyeijua? Ndani yamepakwa nta mpya, tayari kutundikwa mitini.

Nikasema, "Ni magogo tu. Panga."

Akapanga. Alipokwenda kumfungua ng'ombe nikazunguka rundo, nikayageuza moja moja, alama zitazame ndani.

Rundo sasa linapita kichwa changu.

Rozari nimeisali mara mbili. Midomo tu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Hakuungua mtu. Niandike hilo kwanza.

Moto ulishika mara moja. Nta ikayeyuka, ikaanza kuruka — cheche za njano, za buluu, zinapasuka paa! paa! Watoto nyuma ya kamba wanapiga vigelegele. Stili waya zenyewe hazikutazamwa. Venant, yule fundi baiskeli mwenye maneno, akasema Mama Joséline kaleta fataki za Ikulu.

Padri akanipa mkono mbele ya watu. Akasema hajaona sherehe yenye usalama kama hii, vigango vingine vije vijifunze kwangu. Halafu akavuta hewa puani, akasema moto wetu unanukia kama mshumaa wa Pasaka.

Watu wakacheka kwa furaha. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Sikupokea Komunyo. Nimesingizia tumbo.

Jumamosi, 2 Novemba

Mzee Lyamba kaja asubuhi. Nikamtandikia mkeka, nikamshika miguu kwa salamu kama siku zote. Huyu ndiye aliyeniletea asali Joséline wangu alipokohoa mwezi mzima, tukiwa wageni hatujui hata mti wa dawa. Hakutaka kitu.

Hakugomba. Heri angegomba! Akaeleza pole pole kwamba amechonga tangu Juni, mizinga minane, jicho moja halioni vizuri tena, na mwakani hadhani kama ataweza. Alama za mkokoteni amezifuata mpaka uwanja wa kanisa, zikaishia kwenye majivu.

Akasema, "Wewe hudanganyi, mama. Ndiyo maana nimeanzia kwako."

Nikamwambia nitauliza. Nitauliza! Mungu wangu. Nikampa chai, akanishukuru.

Mchana wazee walimwita Onesphore, aliyeonekana na mkokoteni, nami nikiwa palepale. Akakiri bila kusumbua. Ndiyo, aliyabeba yeye, alidhani ni kuni. Wakamuuliza kama hakumwuliza mtu. Akarudia kwamba aliyabeba yeye. Hakunitazama hata mara moja — angenitazama wangejua. Venant akatoa maneno yake, kwamba hawa wakimbizi wa juzi mikono inawawasha. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nakunja khanga yangu, naikunjua, naikunja.

Wameamua Jumatatu apelekwe ofisi ya makazi ya wakimbizi. Wanasema huenda akarudishwa kambini, yeye na mke na mtoto wao mchanga.

Jioni Bartolomeo kaniletea karatasi. Mimi ndiye msoma matangazo. Tangazo la kwanza: Onesphore amesimamishwa kwaya kwa kosa la wizi.

Nikapokea. Nikasema sawa, katekista.

Jumapili, 3 Novemba

Naandika kanisani, kwenye benchi la mbele. Nimewahi mno.

Njiani nilimkuta Onesphore anazoa majivu yetu kwa koleo, amevaa shati lake la kwaya. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mama, wewe una watu hapa. Mimi wakinifukuza, nimeshazoea." Akaendelea kuzoa. Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo nilipoumia.

Watu wanaingia. Venant. Wanawake wa kwaya, hawajui nani atawaanzishia wimbo.

Na mzee Lyamba! Hajawahi kukanyaga humu. Amekaa benchi la mwisho, kofia magotini, jicho lake zima linanielekea mimi. Amekuja kusikia majibu ya nilichoahidi kuuliza.

Karatasi iko ndani ya kitabu cha sala. Nyuma yake ni peupe. Nimejaribu kuandika hapo, "Mimi ndiye," nikafika "Mi," kalamu ikasimama.

Bwana, kurasa zote hizi nimejifanya naliandikia daftari. Nimekuandikia wewe. Tafadhali nijibu upesi, kengele ya kwanza imeshalia, na Bartolomeo ananiashiria nisim—