Maneno Yale Yale Mahali Pawili

Amborovy, Mahajanga
Jumapili, 13 Novemba 2016

Kwa dada yangu mpenzi Mariama,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote pokea kwezi yangu, ile salamu ya wakubwa ambayo mama hakuturuhusu kuiruka hata siku tulizonuniana. U hali gani? Goti lako la kulia linaendeleaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Sisi huku ni wazima. Abdou mume wangu anakusalimu sana. Tangu astaafu, kazi yake ni kukaa barazani na kunielekeza mimi namna ya kufanya kazi yangu. Vyumba vyetu vinne havikosi wageni, maana uwanja wa ndege uko karibu. Wanafika, wanalalamikia mbu, wanaondoka. Alhamdulillahi.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Kwenye simu, dada, wewe hunikata kabla sijafika nusu ya jambo, na hili nataka lifike mwisho. Nimeandika kwa lugha ya baba, lugha aliyoandikiana na wafanyabiashara wenzake wa Unguja, akatufundisha sisi wawili tukiwa wadogo. Siku hizi ukituondoa mimi na wewe, hakuna katika ukoo anayeweza kuisoma. Mwanao Bourhane anajua maneno ya sala na ya bahari tu, na mkewe Hayrat hajui hata hayo ya bahari. Kwa hiyo kaa kitako, vaa miwani, na tafadhali usiruke mistari kutafuta mwisho. Nakujua.

Bourhane alinipigia Ijumaa iliyopita. Aliniambia huu ni mwezi wa nne mkewe yuko kwa mama yake Antsahampano, ng'ambo ya bara, na kila Jumapili yeye huvuka kwa boti kwenda kumwomba arudi Andoany, kisiwani kwenu. Hayrat humpakulia chakula, humsikiliza, kisha humjibu kwamba hatarudi kukaa katika nyumba anamoitwa mwongo. Sasa wajomba zake wameanza kutaja talaka. Bourhane alikuwa akilia, dada. Huyu ndiye aliyeanguka kutoka juu ya mkwaju akavunjika mkono na hakutoa hata chozi. Nilipokata simu nilimwambia Abdou aache kunielekeza, nina kazi ya kuandika.

Wacha nipange mambo yalivyotokea, hata yale unayoyajua, kwa sababu kila mmoja wetu ana kipande chake na hakuna aliyeviunganisha.

Hayrat alipoingia nyumbani kwako mwaka 2012, vitambaa vyako vya meza ulikuwa ukivitundika kwenye kamba karibu na soko, unangoja watalii wa meli. Ni yeye aliyekufungulia duka la mtandaoni. Kila kitambaa kiliwekwa na picha yake, mistari miwili ya maelezo, na chini yake maoni ya waliokwisha kununua. Hayo maoni ndiyo yaliyouza. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtaka akutafsirie Kifaransa chao mkiwa mnapiga pasi. Kuna yule mama wa Kingazija wa Marseille, aliyeandika kwamba alikitandika kitambaa chako siku ya arobaini ya mama yake, na watu wakasita kuweka sahani juu yake. Uliyarudia maneno hayo kwangu kwa simu mara nyingi hata nikayahifadhi. Kwa miaka mitatu na kitu yalifika maoni arobaini na matatu, na wewe ukawa na wanawake sita wanaotarizi barazani kwako.

Mwaka huu oda zikakauka. Mtu akitafuta mtandaoni vitambaa vya kutarizi vya Nosy Be, duka lako halionekani, kana kwamba halikuwahi kuwepo. Kisha mwezi wa Julai mwanamke mmoja wa Nantes akaandika hadharani, chini ya picha ya kitambaa chako bora, kwamba maneno ya wateja wako ameyakuta neno kwa neno kwenye ukurasa mwingine, kwa hiyo ni sifa za kutunga. Ulimwita Hayrat mbele ya wanawake wote sita, ukamuuliza kama ndiye aliyeyatunga. Aliapa kwamba hapana. Hukumwamini, kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa na neno la siri la duka. Ukamwambia asiguse tena kazi yako. Asubuhi yake akafunga mzigo wake.

Sasa nikurudishe nyuma, dada. Unakumbuka mwaka 1977, baba alipotuhamisha kutoka mji huu huu baada ya fujo zile za kuwafukuza Wangazija, mama alibeba nini? Msahafu, sufuria moja, na karatasi zake za nakshi zimekunjwa ndani ya kanga. Tulipofika Nosy Be hatukuwa na kitu kingine. Mama akatandaza karatasi ya majani ya vanila juu ya kitambaa cheupe, ile aliyoitoboa kwa sindano tundu baada ya tundu, akachovya tambara katika buluu ya kufulia iliyochanganywa na mafuta ya taa, akasugua. Alipoinua karatasi, majani yote yalikuwa yameshuka kwenye kitambaa, tayari kwa sindano. Wiki ile ile jirani yetu Hachimia akaja kuiazima. Akaazima na mwingine, na mwingine. Kufika mwaka 1980, nusu ya Andoany ilikuwa ikitarizi majani ya vanila ya mama yetu.

Mimi nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na minne na ulimi mrefu, nikamwambia mama kwamba wanamwibia. Alicheka. Aliniambia karatasi haipungui kwa kusuguliwa. Kila ikienda kwa jirani inarudi na matundu yake yote, na jina lake linazidi kwenda mbali. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kunakili kwetu ni heshima, na mwanamke anayeficha karatasi yake huitwa mchoyo mpaka kaburini. Naomba ulishike hilo, kwa sababu nitalirudia.

Mwezi wa Septemba alikuja hapa kijana anaitwa Boinali, fundi anayetengeneza kurasa za hoteli mjini Mahajanga. Nilimwita anibadilishie picha za vyumba kwenye ukurasa wetu. Katika kazi yake akakuta jambo, akanionyesha. Alichukua sentensi moja ya yule mama wa Marseille, ile ya sahani, akaitafuta mtandaoni yote kama ilivyo. Ukatokea ukurasa mmoja tu, na haukuwa wako. Chini kabisa palikuwa na mstari mdogo unaosema kwamba mengine yanayofanana yamefichwa. Akabonyeza hapo, na duka lako likajitokeza, dada, likiwa la mwisho kama mtu aliyekuja harusini bila mwaliko.

Nilimwomba anieleze taratibu. Alisema mtambo wa kutafuta ukikuta maneno yale yale mahali pawili hauoni sababu ya kumwonyesha msomaji kitu kimoja mara mbili. Huchagua ukurasa mmoja, ukauhesabu kuwa ndio mwenye maneno, na ule mwingine ukausukuma chini. Hakuna adhabu hapo, alisema, ni kama kuchambua mchele. Tatizo ni kwamba mtambo hauwezi kumuuliza mtu nani aliandika kwanza. Hutazama mambo mengine, kama vile ukurasa upi ni wa siku nyingi, na upi unatajwa na wengine. Ule mwingine umekuwepo tangu mwaka 2008, na vitabu vya watalii vya mtandaoni vinautaja. Wako ni mdogo, tena karibu maandishi yake yote ni hayo hayo maoni ya wateja. Yalipohesabiwa kuwa ya mwingine, dukani kwako hapakubaki kitu cha kusomwa.

Kwa hiyo Hayrat hakutunga neno hata moja. Wateja wako ni wa kweli, wote arobaini na watatu, na yule wa Marseille kweli alimzika mama yake. Maneno yaliandikwa kwako, kisha mtu akayachukua akayaweka kwake.

Mtu huyo ni mimi, dada.

Nimeandika mstari huo, nikaenda jikoni kunywa maji, nimerudi. Ni mimi. Ukurasa alioukuta Boinali ulikuwa ndio huo huo aliokuja kuutengeneza, wa vyumba vyangu. Mwezi wa Machi nilikaa siku tatu nikinakili maoni yote kutoka duka lako, nikayapanga chini ya picha za meza zangu zilizotandikwa vitambaa vyako. Nilijiambia nakutangaza. Nilifikiri ni karatasi ya mama, kwamba nikiisugua huku Amborovy itarudi kwako na matundu yake yote. Na sikukuuliza, kwa sababu nani kwetu huuliza?

Lakini tusidanganyane. Mama alipoazimisha karatasi, kila mtu alijua ni ya Oumi. Mimi sikuandika jina lako popote, wala jina la duka. Niliandika tu vitambaa vya kwetu. Mgeni akisoma angedhani zinasifiwa meza zangu. Miaka yote hii, vyumba vyangu vimesifiwa kwa jambo moja tu, kwamba choo ni safi. Nilikuonea wivu kwa yale maneno ya Marseille. Nilitamani mtu aseme jambo kama hilo kuhusu kitu changu, hata kwa siku chache.

Hata hilo ungeweza kunisamehe. Lipo jingine, na ndilo linaloninyima raha. Siku uliyonipigia, mwezi wa Julai, ukanieleza maneno ya yule mwanamke wa Nantes, mimi nilijua. Ulipofika pale anaposema ameyakuta neno kwa neno kwenye ukurasa mwingine, niliujua ukurasa huo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Wewe ukaniuliza nadhani ni nani, na mimi nikajitia hamnazo, nikakujibu kwamba mabinti wa siku hizi wana njia zao za mkato. Nilisema hivyo, Mariama. Siku ya pili Hayrat akavuka. Boinali alipokuja Septemba hakunifunulia siri yoyote. Alinieleza tu kwa nini, na tangu hapo sikuwa tena na kisingizio cha kutoelewa. Bado nikanyamaza miezi miwili mingine. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea. Mimi nimeficha, na ni mtoto wako anayekaribia kupoteza nyumba yake.

Nilichoweza kutengeneza nimetengeneza. Maoni yote niliyafuta kwangu mwanzoni mwa Oktoba, na Boinali ameweka mstari mmoja tu unaosema kwamba vitambaa hivi ni kazi ya Mariama wa Andoany, na anayetaka kusoma wateja wanavyosema abonyeze aende dukani kwako. Alinionya kwamba mtambo huchukua wiki kadhaa kusoma upya. Jana nimetafuta, duka lako limerudi, la nne kutoka juu. Yule mwanamke wa Nantes nilimwandikia kwamba mwenye kosa ni mimi. Alinijibu kwa mistari miwili, bila salamu, kwamba ameyaondoa maneno yake. Nenda ukatazame. Au mwambie anayejua kutazama, ukishampata.

Radhi nakuomba, na nitakuja mwenyewe kuiomba mbele ya wanawake wale wale sita, baada ya mwisho wa mwaka wageni wakipungua. Utanisema utakavyo na sitakujibu. Hilo peke yake litakuwa ajabu, waite na majirani.

Ila kuna jambo moja sitaki nikufiche, maana nimechoka kuficha. Nilipoanza kuandika kwa lugha ya baba, sikufanya hivyo kwa mapenzi tu. Nilifikiri moyoni kwamba Hayrat hataweza kuisoma. Wewe ungejua, ungemwita arudi kwa neno zuri, ungesema yamekwisha, na jina langu lingebaki safi kwa mkwe wako. Nakujua ungenisitiri. Ungenisitiri mimi, na yeye angerudi nyumbani akiwa amesamehewa kosa ambalo hakulifanya.

Basi nikaiandika barua hii mara ya pili, kwa Kifaransa changu kibovu, aya kwa aya, bila kupunguza kitu, hata ile ya mabinti wa siku hizi. Zote mbili nimempa Ibouroi, shemeji yetu, anayesafiri kesho kwa gari. Unajua njia yenyewe: lazima afike Antsahampano kwanza ndipo apande boti kuja kwako. Nimemwambia bahasha ya Kifaransa aitie kwanza mkononi mwa Hayrat na asubiri mpaka amalize kusoma. Kwa hiyo hapa unaposoma wewe, yeye ameshasoma. Maneno ni yale yale mahali pawili, na safari hii ninayaweka hivyo kwa makusudi. Usimngoje Bourhane mpaka Jumapili. Panda boti mwenyewe, na goti lako hilo, umfuate.

Nisalimie wanawake wa barazani, kila mmoja kwa jina lake. Mfikishie Bourhane mapenzi yangu. Abdou anasema tena nikusalimu, na kwamba barua imekuwa ndefu mno. Mungu akulinde na atukutanishe kwa uso mkunjufu.

Ni mimi mdogo wako,
Zaharia binti Oumi