Kompyuta Imesema

Jumatatu, 8 Machi 1999
Umeme umekatika tena katikati ya kipindi. Kompyuta zetu mbili kimya. Nimemalizia somo kwa chaki.

Limbu, mwanachuo wangu hodari kuliko wote, amerudi kutoka Mwanza na karatasi. Eti imetoka kwenye intaneti. Inasema chumvi ya pakiti, ile yenye madini joto, inawafanya wanawake wawe tasa. Wenzake wanainakili. Nimewakanya. Wananijibu, "Kompyuta haidanganyi, Mwalimu." Nimechoka.

Jumatano, 10 Machi
Duka la Mama Salim, Ngokolo, limepigwa mawe. Anauza chumvi hiyo. Kioo chote chini. Kazaliwa hapahapa, babu yake Mhindi ndiye aliyelijenga. Leo anaambiwa kaja kuwamaliza Wasukuma.

Limbu hakurusha jiwe. Lakini karatasi ni yake. Nina hasira. Naogopa pia.

Alhamisi, 11 Machi
Umeme upo. Nimechapa mbele yao, kwa jina langu mwenyewe: "Mwalimu Tabu alifariki jana." Nikaitoa kwenye printa, nikampa Holo, mwanachuo mwenzake Limbu, asome kwa sauti. Wakacheka.

Nikauliza. Nani kaandika? Kajuaje? Wengine wanasemaje? Limbu kainamisha kichwa. Aliyempa karatasi hamjui hata jina.

Holo akasema kwao Didia wanawake wameshamwaga chumvi yote. Na shangazi yake ana rovu, ule uvimbe wa shingo. Mchana tukaenda wote hospitali. Muuguzi katueleza taratibu: chumvi hiyo ndiyo inayokinga rovu, na haifungi kizazi. Jioni wameandika karatasi yao wenyewe. Sikuwasaidia neno.

Jumamosi, 13 Machi
Didia, gulioni. Holo kasimama, kasoma, kaeleza kwa Kisukuma. Watu wamekunja nyuso. Nilidhani tutafukuzwa.

Bibi mmoja akapaza sauti: "Na hiyo yenu, nani kaandika?"

"Sisi, bibi. Majina yetu haya hapa chini. Muuguzi yupo wodi ya wazazi, mkamwulize wenyewe."

Wengine wameondoka wakisonya. Bibi kabaki. Kauliza tena, na tena. Wanawake wakamzunguka. Sijawahi kujivunia kazi hii kama leo.

Jumapili, 14 Machi
Nimepita kwa Mama Salim. Limbu yuko juu ya ngazi, anapachika kioo kipya. Hakuna aliyemwita. Mama Salim kamwekea chai kwenye kizingiti, kaifunika na kisahani isipoe.

Mvua kidogo mchana. Nimepika dagaa wa Nkome. Nimekula nikashiba.