Kofi la Harusini

Baraka, 12 Agosti 1957

Shemeji yangu Swedi,

Miaka sita nimekuficha ukweli juu ya mgongo wangu na kofi lako. Sasa nguvu zinaniishia, nami sitaki kuzikwa nao.

Dada yako Kulthumu ni mzima. Wavuvi wamejaza ndagala ufukoni, na mke wangu huyo ananilisha kama bwana harusi.

Unakumbuka ulinipiga kofi mgongoni tukicheza kwenye harusi ya jirani yetu Zubeda. Wiki mbili baadaye nilishikwa na homa, kisha miguu ikafa ganzi. Daktari wa misheni alinipasua mgongo, akatoa usaha kikombe kizima kati ya pingili, akanichoma penisilini mpaka nikatembea. Ndugu zangu wakiwa wamezunguka kitanda, akaniuliza, "Usaha huu umetoka mahali pengine, ukapita katika damu. Ulikuwa na jipu?"

Dada yangu Waridi akadakia, "Jipu? We daktari, huyu ni mwalimu wa usafi! Batoto ya shule banamwogopa juu ya kucha tu!"

Wote wakacheka. Nikajibu, "Hapana, daktari."

Basi, kama si jipu, wakasema ni uchawi wa kofi lako. Wakakufukuza, ukahamia Kazimia.

Leo nimemwambia Kulthumu, akacheka hadi akakaa chini. Njoo Ijumaa, nitawaambia wote mbele yako. Jipu lilikuwepo, shemeji, kwenye tako la kushoto, na nililitumbua mwenyewe kwa mwiba wa mdimu.

Shemeji yako,
Mwalimu Mashaka