Tusomee Sisi Kwanza

Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, madam amelala baada ya chakula cha mchana, na nimejaa kinyaa. Nilidhani huzuni ndiyo ingenikalisha chini nikuandikie. Tangu ufariki nimelia vya kutosha lakini kalamu sikuishika. Leo nimeishika kwa sababu ya kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho najionea mwenyewe, mimi Wakesho wako wa Voi.

Kaburi lako silijui. Huku Saudia hawaandiki majina makaburini, nami ni mwanamke na juu yake ni Mkristo. Siku ya maziko yako tuliishia nje ya ukuta, mimi na Mbeyu wa darasani, tumeshikana mikono, mpaka dereva wa madam akapiga honi na kuita yalla, twende. Kwa hiyo barua hii nitaitia kwenye daftari la mahudhurio la darasa, pale kwenye ukurasa wa mwisho ulioujaza kwa mkono wako.

Darasa lipo, usiwe na wasiwasi. Tunakutana Ijumaa baada ya sala, chumba kilekile juu ya duka la fundi cherehani hapa Sharafiya, Jidda, sisi wasichana wa kazi tunaopewa ruhusa ya kutoka. Tumebaki kumi na wawili. Bado tunasoma mikataba yetu ya Kiarabu mstari kwa mstari, na msemaji wa darasa bado tunamchagua kwa kunyoosha mikono. Ulipoondoka walinichagua mimi.

Kanuni yako ilikuwa moja tu, na ulitusimulia ulikoitoa. Ulipokuwa ukisoma Marekani ulikaa bweni moja na wasichana wa Kilatino, wazazi wao wachuma matunda waliotoka Meksiko na Gwatemala. Chuoni walikuwa wamejaa, lakini kwenye meza ya maamuzi hakuwepo hata mmoja. Wakaunda chama chao. Kiongozi wao, kabla hajaenda kuzungumza na wakuu wa chuo, alisimama jikoni bwenini akawasomea wenzake kila neno atakalolisema, nao wakalikata na kuliongeza. Wewe Mzanzibari wa watu walikupa kisu ukatekate vitunguu, ukasikiliza huku unatoka machozi. Ukatuletea kanuni hiyo Jidda: "Tusomee sisi kwanza, mama. Usilotusomea sisi, usiwasemee wengine."

Sasa sikiliza nilichofanya.

Mwezi uliopita waheshimiwa kutoka nyumbani walifika Riyadh kutazama hali zetu. Mwenyekiti wa jumuiya ya watu wetu wa huku akanipigia simu, sauti imelainika kama ya mtu anayeposa. Unamjua. Ndiye aliyeliita darasa lako genge la wambea na kukunyima ukumbi. Sasa alimtaka mtu wa "darasa la marehemu" aje kusema kwa niaba ya wasichana wa kazi. Akamwomba madam ruhusa yeye mwenyewe, na tiketi ya ndege ikaja.

Tuliiandika karatasi yetu Ijumaa mbili nzima. Neno la kwanza lilikuwa la Mbeyu. Mkataba wake umekwisha miezi minane sasa, kafili, mwajiri aliyemdhamini, amekalia pasipoti, kibali cha kuondoka hampi. Mama yake anaumwa Kilifi, hali si nzuri hata kidogo, na kila Mbeyu akiuliza anajibiwa bukra, kesho, kesho isiyofika. Nikawasomea, wakanirekebisha mara tatu. Mbeyu akaniambia, "Hapo pa mamangu pasome polepole, dada."

Riyadh nilipokewa na dereva Mkenya anayefanya kazi kwenye maghala ya Al-Sulay. Akaniangalia na bahasha yangu akacheka: "Sista, hapo ni picha tu mnaenda kupigwa." Nikamnunia njia nzima.

Kwenye ukumbi wa hoteli walikuwa wametundika bango lenye uso wako. Ile picha yetu ya Ijumaa, wewe na ushungi wako wa kijani. Sisi tuliosimama pembeni wametukata wote, kimebaki kiwiko kimoja, na kiwiko hicho ni changu. Mwenyekiti akasimama akasema marehemu alikuwa mkono wake wa kulia. Mwalimu, alisema hivyo huku akichokoa nyama kwenye meno! Kisha akatangaza tuzo ya uongozi kwa jina lako na kumpa binti wa dada yake, ambaye ngazi za fundi cherehani hajawahi kuzipanda. Watu wakapiga makofi. Nikasema moyoni ngoja, zamu yangu inakuja.

Zamu yangu ikaja. Nikiwa nainuka, Mwenyekiti akanyoosha mkono akaichukua karatasi yetu, akaikunja na kuitia mfukoni mwa kanzu. Akanipa nyingine. "Soma hii, ni fupi."

Hakunitisha. Laiti angenitisha! Hakutaja ikama yangu, kibali cha kuishi huku, hakumtaja madam. Alinipa karatasi tu nami nikaipokea, nikaenda kwenye kipaza sauti na kusoma kwamba wasichana wa kazi wanaishi vizuri, wanashukuru jumuiya, na matatizo madogomadogo yanamalizwa kifamilia. Nilisoma vizuri. Kule kusoma ulikonifundisha wewe, nikituliza sauti kwenye nukta, ndiko nilikokutumia. Wakanipigia makofi marefu, na jambo ambalo sijamwambia mtu ni kwamba makofi yale yalinipendeza. Mheshimiwa mmoja akaniambia nina kipaji. Nikatabasamu kwenye picha. Halafu nikakaa nikala, tena sikubakisha wali.

Nikiwa bado mezani ukaingia ujumbe wa Mbeyu kwenye simu: "Wamesemaje kuhusu mamangu?"

Nikamjibu: "Wamesikia."

Kinyaa chote nilichokuwa nacho kwa yule mzee na kanzu yake kilinigeukia hapo. Nilikwenda kutapika choo cha hoteli, choo kinachonukia udi, na nilipojiona kwenye kioo sikutaka kujitazama.

Ijumaa iliyofuata nilipanda ngazi za fundi cherehani. Nilisimama mbele ya wenzangu na kuwasomea karatasi ya Mwenyekiti, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya Riyadh. Nikawaambia hii ndiyo niliyoisema, na yenu iko mfukoni mwake. Nikamwambia Mbeyu kwamba nilimdanganya. Mwenzetu wa Tanga akauliza, "Mbona hukutusomea sisi kwanza?" Mbeyu alifuta macho kwa mtandio, akafungua daftari la mahudhurio, akauliza nani anataka nitoke kwenye usemaji.

Mikono ikapanda. Na wangu niliunyoosha.

Wakamchagua Mbeyu, anayesoma kwa kidole na kukwama kwenye maneno marefu. Nilikaa nyuma karibu na dirisha, pale ulipokuwa ukimkalisha mgeni. Nitakwambia ukweli, ndipo kwa mara ya kwanza tangu ufe nilipohisi bado uko chumbani. Walinitoa kwa kanuni yako, na walifanya sawasawa kabisa.

Sasa sikia lililobaki. Waheshimiwa haohao wamerudi, wako Jidda kwa umra, na Ijumaa hii Mwenyekiti anawaandalia chakula mkahawani hapahapa Sharafiya, nyumba ya nne kutoka darasani kwetu. Ametualika tukapange viti. Tutakwenda. Mbeyu ameshatusomea atakachokisema, tumekikata na kukiongeza, na pale pa mama yake ni mimi niliyemwambia apumue kabla hajaendelea. Safari hii karatasi hatuibebi. Yule mzee akinyoosha mkono hatakuta kitu cha kukunja. Tumeihifadhi kichwani, wote kumi na wawili. Akimnyamazisha Mbeyu, wa Tanga anaendelea pale alipoachia. Akimnyamazisha huyo, yuko mwingine.

Mimi wameniweka wa mwisho. Walinipigia kura hata kwa hilo, na mikono miwili haikupanda. Sikuwalaumu.

Madam ameamka, nasikia ndara zake. Lala, Mwalimu, Mola wako akupe wasaa huko. Nakuahidi sitashika tena karatasi ya mtu nisiyoijua, na Ijumaa nitasimama nyuma ya wenzangu kumi na mmoja nikiwa nimefunga mdomo. Zamu ikinifikia nitayasema ya Mbeyu, na hapo pa mama yake nitapasema polepole.

Wako,
Wakesho